Pansiyo ya mukulima: nani atakulisha siku jembe litakushinda?



Baba yangu alifanya kazi miaka 22 katika plantasio moja ya majani chai hapa Kivu. Aliacha kazi siku mugongo wake ulikataa. Alikuwa na kitabu kidogo chenye jina lake, na kila mwezi walimukata feza kidogo ku mushahara wakimwambia: "Hii ni ya pansiyo." Kile kitabu alikifunga ndani ya mufuko wa plastiki, akakitunza chini ya kitanda sawa mutu anatunza zahabu. Siku alikipeleka ku biro, walitafuta jina lake, wakakosa. Mwenye plantasio alikuwa anamukata, lakini feza hakuipeleka. Baba alirudi nyumbani kwa miguu. Siku mbili hakusema neno. Kisha akauza nusu ya shamba.

Ninaanza na hiyo habari ya kwetu kwa sababu kila mara nikitaja neno retrete mu mukutano, watu wanacheka. Muzee mumoja wa Kalehe aliniambia: "Animatere, retrete ni ya walimu na watu wa Leta. Sisi bakulima tunaendaka mu retrete siku ya kaburi." Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nikauliza: hapa kati yetu, nani alishaona jirani akiuza shamba kwa sababu amezeeka ao ni mugonjwa? Mikono ikapanda karibu yote. Kicheko kikaisha.

Uzee usio na akiba haumuli muzee peke yake. Unakula shamba, na shamba lilikuwa chakula cha watoto na wajukuu. Ile nusu baba aliyouza, ndugu zangu wawili leo wanalima pale pale, lakini kwa kulipa. Kila sezo wanapeleka sehemu ya maharagi kwa mwenye kununua.

Pansiyo ya Leta inamufikia nani?

Tuseme wazi, mutu asidanganywe. Kesi ya Leta yenye kushugulikia pansiyo ya wafanyakazi ni CNSS. Zamani iliitwa INSS, na ilianzishwa mwaka 1961. Sheria ya 15 Julai 2016 ndiyo inaiongoza leo. Kwa pansiyo, mufanyakazi anakatwa 5 kwa mia ya mushahara wake, na mwenye kumupa kazi naye anaongeza sehemu yake, kisha ni yeye mwenye kazi anapaswa kupeleka zote. Ule mupango umejengwa juu ya mushahara. Mukulima mwenye kulima shamba lake hana patro, hana mushahara, kwa hiyo hayumo.

Kuna mambo mawili yanatuhusu hata hivyo. La kwanza: koperative yenu ikiwa na jeran, sentinele wa depo, ao mutu wa mashini ku kituo cha kusafishia kahawa, mwenye kulipwa kila mwezi, koperative ndiyo patro. Inapaswa kumuandikisha CNSS na kulipa. Nimeona koperative zinalia juu ya plantasio za zamani, na zenyewe zinafanya vile vile kwa sentinele wao. La pili: kama ulishafanya kazi ya mushahara mahali, hata miaka michache, usingoje kuzeeka. Nenda sasa ku biro ya CNSS, uulize numero yako na miezi gani imelipwa. Tunza fishi za mushahara. Baba yangu angeuliza kisha mwaka mumoja, mwenye plantasio alikuwa angali pale, na wenzake wa kazi walikuwa wazima wa kushuhudia. Aliuliza kisha miaka 22.

"Batoto njo pansiyo yangu"

Hilo ndilo jibu ninalosikia sana, na sitalizarau. Mutoto kumulisha muzazi ni mila yetu, na hata sheria ya jamaa ya Congo inasema watoto wanapaswa kusaidia wazazi wenye kuwa na mahitaji. Lakini nani atamupeleka mutoto wake ku tribinali kwa sababu ya unga?

Tuangalie watoto wenyewe wako wapi. Mumoja iko Bukavu anatafuta kazi. Mwingine iko mu machimbo, siku moja anatuma dola kumi, kisha miezi sita ni kimya. Binti ameolewa, ana watoto wake watano. Yule mwenye kubaki karibu nawe ndiye mwenye shamba dogo kuliko wote. Hawana roho mbaya. Hawana tu. Na kama ulipaswa kuuza shamba kwa kulipa masomo yao, kisha masomo hayakuzaa kazi, ninyi wote mumebaki mikono mitupu.

Mama mumoja wa Minova alinijibu vizuri: "Mutoto anisaidie chumvi na sabuni. Chakula nitoe mwenyewe." Ninaona mama huyo anafikiri sawa. Watoto wasaidie, lakini wasiwe ukuta wote wa nyumba.

Feza ya chini ya kitanda

Wazee wetu waliweka akiba. Musiamini wale wenye kusema mukulima hajui kutunza. Walitunza, na feza yenyewe ndiyo iliwakimbia.

Mwaka 1967 zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili. Mwisho wa mwaka 1979, wakati wa Noeli, Leta ilisema noti za zaire 5 na 10 hazitumike tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Mutu wa kijiji, mbali na banki, alibaki na makaratasi. Oktoba 1993, zaire milioni 3 za zamani zikageuka zaire mupya moja. Mwaka 1998, zaire mupya 100,000 zikageuka franga moja. Fanya hesabu: franga moja ilimeza zaire za zamani miliari 300. Na ile franga yenyewe, wakati ilianza, dola moja haikufika franga 2. Mwisho wa 2023 dola moja ilipita franga 2,600.

Basi mutu anasema: nitatunza dola. Ni vizuri kuliko franga kwa miaka mingi, lakini munajua sokoni dola yenye kupasuka kidogo wanaikataa, na dola yenye kulala miaka kumi chini ya udongo inatoka na madoa. Panya wanaila. Moto unaila. Na tarehe 4 Mai 2023, ile mvua ya Bushushu na Nyamukubi ilichukua watu zaidi ya 400, ilichukua nyumba, na ilichukua kila kitu kilichokuwa ndani: feza, vitabu vya koperative, makaratasi ya shamba. Ilikuwa siku ya soko. Sitaongeza neno juu ya huzuni ile, wengi munaibeba bado. Ninasema tu kwamba nyumba si kesi.

Kuna pia wale wenye kuja na mupango wa "weka kumi, kisha mwezi uchukue ishirini." Wenye umri wangu wanakumbuka Bindo ya Kinshasa mwaka 1991: watu waliuza hata pagne na redio ili waingie, na ilianguka. Leo inakuja ndani ya telefone na jina lingine. Feza ya uzee isiguse pale hata siku moja.

AVEC ni nzuri, lakini tunaivunja

Wengi wenu muko mu AVEC. Munajua kazi yake kuliko mimi: watu 15 mupaka 25 ao zaidi kidogo, kisanduku chenye makufuli matatu, funguo kwa watu watatu, mihuri ndani ya kitabu, kukopeshana kila mwezi. Ule mutindo ulianzia Maradi kule Niger mwaka 1991, kati ya wamama wa kijiji, kisha ukatembea Afrika yote. Ukafika kwetu kwa sababu hauhitaji banki.

Lakini muangalie kinachofanyika mwezi wa kumi na mbili. Tunavunja. Kila mutu anachukua yake, na inaenda ku masomo, ku mabati, ku sikukuu. Hakuna kosa, ndivyo AVEC imepangwa. Ila mutu aliyefanya AVEC miaka 15, mwaka wa 16 anaanza tena na zero. Nilimuuliza mama mumoja, perezida wa AVEC, mutu wa akili sana: "Mama, miaka yote hii, uko na nini ya uzee?" Alinyamaza, kisha akasema: "Niko na mabati." Mabati ni kitu. Lakini hayaliwi.

Wale wa MUSO wako na kesi tatu: ya kijani kwa kukopeshana, nyekundu kwa kusaidiana siku ya matata, na ya bleu kwa feza yenye kutoka inje. Ile nyekundu ni ya lazima, kwa sababu ugonjwa ndio unamaliza akiba mbele uzee haujafika. Mwenye kukosa kesi nyekundu, atakula akiba yake ya uzee siku mutoto ataumwa. Kwa hiyo mbele ya kutunza kwa ajili ya mwaka 2045, hakikisha uko na mahali pa kukimbilia kesho asubuhi.

Lakini hata mu MUSO uzee hauna kesi yake. Ninapendekeza tuifanye, na nitarudia hapo chini. Kwanza tuzungumuze juu ya shamba, kwa sababu kwa mukulima pansiyo ya kweli inaanzia mu udongo.

Kahawa inazeeka pamoja na mwenye shamba

Nikipita mu mashamba ya kahawa ya Kalehe, Idjwi na Kabare, ninaona mara nyingi baba wa miaka 65 na kahawa zenye kupandwa na baba yake. Miti mirefu, yenye ndevu, matawi yanazaa juu kule mutu hafiki. Anavuna kilo moja pale jirani anavuna tatu. Yeye amechoka, na kahawa imechoka siku moja naye. Huo ni ubaya mukubwa kuliko kukosa feza mu banki.

Dawa yake munaijua, ni kukata kahawa ya zamani ili ichipuke upya. Unakata muti kwa urefu wa santimetre 30 mupaka 40 kutoka chini, kwa kulaza musumeno kidogo ili maji ya mvua yatiririke, unafanya hivyo mwanzo wa mvua kisha mavuno, unaacha machipukizi mawili ao matatu yenye nguvu, mengine unayatoa. Kisha miaka miwili mupaka mitatu inazaa tena sawa kijana. Mizizi ni ya zamani, iko chini sana, ndiyo maana inakimbia kuliko muche mupya, ambao unahitaji miaka mitatu ao mine.

Sasa, kwa nini watu hawakati? Kwa sababu mwaka ule hakuna mavuno. Mutu wa miaka 68 hawezi kungoja miaka miwili bila kahawa. Mutu wa miaka 48 anaweza. Ndiyo sababu ninasema kukata kahawa ni kazi ya retrete, na inafanywa wakati mutu angali na nguvu. Gawanya shamba lako vipande vine. Mwaka huu kata kimoja, mwaka kesho kingine. Hutapoteza mavuno yote mara moja, na kisha miaka ine umeshakata shamba lote. Ukianza na miaka 50, utaingia miaka 60 na kahawa fupi, yenye kuvunwa bila kupanda, na hata mujukuu wa miaka kumi na miwili anaweza kukusaidia kisha masomo. Ndani ya ile nafasi ya kwanza, mwanga unaingia, panda maharagi kati ya mistari.

Lakini usitie uzee wako wote ndani ya kahawa. Mwaka 1989, mapatano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika, bei ilianguka, watu wakaacha mashamba yao kugeuka pori. Kule Beni, miaka ya 1990, ugonjwa wa kunyauka ulimaliza robusta, na wenye kuitegemea peke yake walibaki na kuni.

Weka miti mingine. Grevillea kati ya kahawa ao ku mupaka wa shamba: inatoa kivuli, majani yake yanalisha udongo, na kisha miaka kumi na zaidi ni mbao. Kupanda grevillea 40 ku mupaka wakati mutoto wako anaingia primere, ni sawa kufungua konti. Eukaliptusi inakimbia zaidi, miaka tano mupaka saba unakata miti ya kujengea, na shina linachipuka tena mara kadhaa. Ila isikaribie chemchem wala shamba la chakula, inakunywa maji ya majirani. Ipeleke ku kilima kile cha mawe, pale hata muhogo unakataa. Avoka ya kupandikizwa inaanza kuzaa miaka mitatu ao mine, na haihitaji mutu wa kuinama. Kinkina nayo iko, wale wa milima ya juu wanajua: maganda yake yanaweza kungoja ku muti mupaka siku ya bei nzuri.

Napenda miti kwa sababu ingine, na munaielewa bila mimi kueleza sana. Ngombe iko na miguu. Watu wenye silaha wakipita, inaondoka nao. Mbuzi vile vile. Ukikimbia, muti hauwezi kuubeba, lakini na mwenye kupita usiku hawezi kuubeba vile. Ukirudi kisha mwaka, unaukuta umekuwa mukubwa kuliko ulivyouacha. Si siku zote, wengine wamekuta miti imegeuka makala. Lakini mara nyingi.

Mifugo midogo tusiisahau: kuku, sungura, dende (wengine wanasema simbiliki). Haya ni ya chumvi na sabuni kwa mutu wa miaka 70, hayaombi nguvu, na mama muzee anaweza kuyafuga nyuma ya jiko. Nyuki pia. Siku moja nilikuta muzee wa miaka karibu 80 ku Idjwi mwenye mizinga kumi na moja, anavaa koti ya zamani ya jeshi kwa kuvuna. Alisema jembe lilimutoroka, nyuki hawakumutoroka.

Makaratasi: pale pansiyo inaibiwa

Mutu anaweza kupanda vyote nilivyosema, kisha akafukuzwa juu yake. Tangu sheria ya 1973, udongo wote wa Congo ni wa Leta, na sisi tunapewa haki ya kuutumia. Upande wetu bado kuna kalinzi, yenye kupewa na mwami ao shefu, na inadumu mupaka watoto. Kuna pia bwasa, ambayo ni kukodi kwa sezo moja ao mbili. Sasa angalia kosa: mutu analima bwasa miaka 15, anazoea, anapanda kahawa na grevillea, kisha mwenye shamba anakufa na watoto wake wanasema: "Ondoa miti yako." Miti ya muda murefu haipandwi mu bwasa. Mu bwasa panda maharagi na mahindi.

Kama uko na kalinzi, uko na karatasi? Nani alishuhudia? Wale mashahidi wangali wazima? Kama wote ni wazee, andikeni leo: mipaka, majina ya majirani wa pande ine, siku, sinyature ya shefu. Piga picha na telefone, utume kwa mutoto mwenye kuwa mbali. Mwenye uwezo aendelee mupaka ku biro ya mashamba ya Leta kwa karatasi ya nguvu zaidi.

Ba mama, hapa muniskilize sana. Sheria ya jamaa inasema watoto wa mwenye kufa wanapata robo tatu ya mali, na robo yenye kubaki inagawanywa kati ya mujane, wazazi na ndugu za marehemu. Lakini mujane anayejulikana na sheria ni yule mwenye ndoa iliyoandikwa ku biro ya Leta. Mahari ilitolewa, padri ao pasta alibariki, watoto saba, na bado mbele ya tribinali unaweza kuonekana mugeni. Bwana akifa, wakwe wanakuja na ngombe mupaka ndani ya kahawa yako. Nendeni kuandikisha ndoa. Ni siku moja ya kazi. Tena, tangu marekebisho ya mwaka 2016, mwanamuke mwenye kuolewa hahitaji tena ruhusa ya bwana kwa kufungua konti ao kusaini karatasi. Kwa hiyo mama anaweza kuwa na kitabu chake mu kesi ya uzee, kwa jina lake, na mutu wa kesi akimuomba "karatasi ya bwana," amuambie sheria imebadilika.

Kesi ya uzee mu koperative

Sasa nirudie lile pendekezo. Wakati wa kahawa, koperative inalipa memba kwa kilo. Tuseme mukutano mukuu unaamua kukata franga 50 kwa kila kilo ya kahawa nyekundu na kuiweka kando, kwa jina la memba mwenyewe. Memba wa kilo 800 kwa mwaka anaacha franga 40,000. Dola ikiwa 2,500, hiyo ni dola 16. Miaka 15: dola 240.

Najua munafikiri nini. Dola 240 haimulishi muzee hata mwaka mumoja. Ni kweli, na mimi sitawauzia ndoto. Lakini kumbukeni kwa nini watu wanauza shamba: mara nyingi kwa sababu ya dola 150, dola 200, za operasio ao za kutoa maiti ku hospitali, zenye kuhitajika kabla ya jua kushuka. Mununuzi anajua uko na haraka, anakupa nusu ya bei. Dola 240 kazi yake ni kusimama ku mulango wa shamba, isiuzwe. Kulisha ni kazi ya kahawa fupi, avoka na kuku.

Kesi kama hiyo inaomba masharti makali kuliko AVEC, kwa sababu feza inakaa miaka, na feza yenye kukaa inaita wezi, wa inje na wa ndani. Ihesabiwe kwa dola, isilale kwa franga. Ikae ku konti kwa jina la koperative, sinyature tatu, na wenye kusaini watoke vilima mbalimbali, wasiwe wa jamaa moja. Koperative ya akiba ao banki muliyochagua, ombeni kuona karatasi ya ruhusa ya Banki Kuu ya Congo mbele ya kuweka hata franga. Muzee anayeogopa kuuliza, atume kijana, lakini ulizeni. Msitie yote mahali pamoja. Tumeona banki zikifunga milango sababu ya vita, na tumeona kesi za akiba zikianguka na wazee wakikaa mbele ya mulango wenye kufungwa, kitabu mukononi. Sehemu ingine inaweza kununua shamba la miti la koperative, ambalo linakatwa kwa zamu.

Komite isikope pale. Hata siku moja, hata "kwa wiki mbili tu." Mimi nimefanya kazi hii miaka ya kutosha, na kesi zote nilizoona zikifa, zilikufa kwa mukopo wa perezida ao wa rafiki ya perezida, hazikufa kwa wezi wa usiku. Kila mwaka mbele ya mukutano mukuu, sekretere asome kwa sauti jina la kila memba na feza yake. Wengine wanaona haya kusikia feza yao inasomwa. Ni afazali haya.

Lini mutu anatoa? Mukutano uamue miaka, tuseme 60, ao mbele ya hapo kwa ugonjwa mukubwa wenye karatasi ya dogta. Hapa kutakuwa ubishi, kwa sababu wengi hatuna karatasi ya kuzaliwa na kila mutu anajua kuongeza miaka siku ya kuchukua. Andikeni miaka ya kila memba siku ya kuingia, mbele ya majirani. Na kila memba aandike jina la mwenye kuchukua kama atakufa. Bila hilo jina, ndugu watapigana ku mulango wa depo, nami sitaki kuwa pale. Vile vile kwa feza ya ndani ya telefone: kama hakuna mutu mwingine anajua kwamba uko nayo, siku ukifa inabaki mu telefone.

Swali lililoulizwa Minova, na ninaliandika kwa sababu litaulizwa na kwenu: "Mimi niko na miaka 63, hiyo yote imenipita?" Mama, miaka 15 ya kukata kahawa imekupita, ndiyo. Lakini mambo matatu hayajakupita. Karatasi ya shamba na ya ndoa, fanya mwezi huu. Kipande kimoja cha kahawa, kata kwa kusaidiana na mutoto, na muandikiane: yeye anatoa nguvu, unamupa nusu ya mavuno ya kile kipande ungali muzima. Watoto wanalima vizuri shamba wanalojua sehemu yao ni ipi. Na usiuze shamba bila kusema kwanza mbele ya jamaa na koperative. Koperative zingine zinaweza kukupa avansi juu ya mavuno yajayo, ni deni lakini lina mwisho, na kuuza shamba hakuna kurudi.

Animatere watapita mu vituo vyote mbele ya sezo A. Watakuwa na mufano wa masharti ya kesi ya uzee, wenye kuandikwa kwa Swahili, munaweza kuukata na kuubadilisha ku mukutano. Watakuja pia na misumeno miwili ya kukopesha kwa kila kituo, kwa ajili ya kahawa. Wenye kutaka kuonyeshwa namna ya kukata, muandikishe majina kwa sekretere, na museme shamba liko ku kilima gani, kwa sababu mwaka jana tulizunguka asubuhi yote tukitafuta kwa Mama wa mapacha, na tukakuta kilima kizima kiko na mama wa mapacha watatu.